Swichi "Laini" au Swichi Shwari? Istilahi ya Vigeuzi vya Runinga na Kiswahili cha Pwani ya Kwale

Miongoni mwa mbinu za kuunda istilahi, tafsiri sisisi ndiyo inayokimbiliwa mara nyingi, na ndiyo inayopotosha kwa wepesi zaidi. Mfano ni mbinu ya kielektroniki ambayo jina lake la Kiingereza, likitafsiriwa neno kwa neno, huzaa "swichi laini". Fundi wa runinga wa Ukunda, karibu na Diani, ataelewa nini hapo? Laini kwake ni kitambaa, au ni kadi ya simu.

Yafaa kwanza kukitazama kitu chenyewe. Nchini Kenya runinga huchomekwa katika umeme wa volti 240, ilhali taa ndogo zinazoangaza skrini yake huhitaji umeme wa namna nyingine. Kigeuzi ndicho kinachoubadilisha, na ndani yake transista huwashwa na kuzimwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Ikiwashwa wakati volteji ingali juu, volteji na mkondo hukutana ndani yake kwa kitambo kidogo mno, na zao lake ni joto. Kitambo hicho hurudiwa mno hata joto likalimbikizana. Kwa makadirio ya wahandisi, kapasita za majimaji hupoteza takriban nusu ya umri wake kila joto lipandapo nyuzi 10. Katika chumba cha Msambweni, ambako hewa yenyewe ni ya moto, hasara hiyo si ya vitabuni: ni runinga iliyokufa kabla ya wakati wake.

Dawa ni kungoja. Koili na kapasita huunganishwa ili nishati ibembee baina yake. Volteji ikishuka hadi sifuri, ndipo transista huwashwa.

Mvuvi wa Diani analijua jambo hili kwa njia nyingine. Mbele yake kuna mwamba wa matumbawe, naye huyasoma maji kabla ya kuuvuka kwa ngalawa. Lugha yake ina bamvua, maji mafu, shwari. Neno shwari halielezi mguso, huleta picha ya hali iliyotulia. Kwa hiyo "uwashaji shwari" hukaribia maana kuliko ulaini. Kasoro ipo: shwari ya bahari hudumu, ya kigeuzi hupita mara moja. Hata hivyo, kabla ya istilahi hiyo kupelekwa kwenye kamusi, ingejaribiwa kwanza mezani kwa fundi, angali analehemu.