Pombe, Msaada wa Simu na Namba Inayoonekana

Swali la juma hili limetoka Ludara, wilayani Koboko nchini Uganda, kwa kijana wa miaka 23 asiyejihesabu kuwa mwanamume wala mwanamke. Hunywa waragi, pombe kali ya Uganda, karibu kila jioni na angependa kupunguza, lakini anakiogopa kituo cha afya kilicho karibu kwa kuwa wahudumu wake wanaifahamu familia yake nzima. Anauliza kama msaada unaopatikana kwa simu, yaani vikundi vya mtandaoni na programu za kufuatilia unywaji, unatosha, na kama ni salama.

Msaada huo unaweza kumfaa sana mtu ambaye mwili wake haujaanza kuitegemea pombe, na usalama wake hutegemea namba ya simu kuliko maneno yanayoandikwa.

Katika maandishi ya kitaalamu, watu waliobadili jinsia ni wale ambao jinsia wanayojitambua nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa, wawe wamepata matibabu au hawakupata, na miongoni mwao wapo wasiojiweka upande wowote, kama muulizaji wetu. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Ilan Meyer alieleza jinsi watu wa makundi madogo yanayodharauliwa wanavyobeba msongo wa ziada, unaotokana na hofu ya kutambuliwa, kujificha na kukataliwa na ndugu, juu ya msongo wa maisha ambao kila mtu anao. Na pombe ni mojawapo ya njia za haraka za kuutuliza. Wanaodai kwamba watu wa namna hii ni jambo geni lililoletwa juzi wangefaidika kumsoma mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi na Walugbara wa kaskazini-magharibi mwa Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuandika kuhusu waaguzi wao wa mizimu, wakiwamo wanaume walioitwa okule kwa kuwa kama wanawake na wanawake walioitwa agule kwa kuwa kama wanaume.

Kabla ya kuchagua msaada, mtu hana budi kujua anakunywa kiasi gani, na hapo wengi hujidanganya bila kukusudia. Uganda ilipopiga marufuku vipakiti vya pombe kali mwaka 2019, chupa ndogo ya plastiki ya mililita 200 ilichukua nafasi yavyo, na chupa hiyo moja ya pombe yenye nguvu ya asilimia 40 ina takriban gramu 63 za alkoholi, ambazo ni zaidi ya vipimo sita kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani inayokifanya kila kipimo kuwa gramu 10. Lira-lira, yaani pombe kali ya mihogo inayopikwa kienyeji, haina hata hesabu hiyo, kwa sababu nguvu yake hubadilika kutoka kwa mpishi mmoja hadi mwingine.

Programu nyingi za simu hutumia dodoso liitwalo AUDIT, lililotungwa na Shirika la Afya Duniani likiwa na maswali kumi kuhusu unywaji na madhara yake, au muhtasari wake wa maswali matatu. Muhtasari huo una kasoro inayomgusa muulizaji moja kwa moja, kwa sababu kiwango cha tahadhari kwa kawaida huwekwa kuwa alama 4 kwa wanaume na 3 kwa wanawake, na programu humtaka mtumiaji achague mojawapo kabla ya kuendelea. Asiyejiona katika lolote anaweza kujibu dodoso kamili, ambalo mwongozo wake unachukulia alama 8 na kuendelea kuwa dalili ya unywaji wa hatari kwa watu wazima kwa jumla, na alama 20 na kuendelea kuwa sababu ya kuchunguzwa na mtaalamu kwa ajili ya utegemezi. Atakayelazimika kutumia muhtasari achukue kiwango cha chini, kwani kosa la kujihadhari mapema halimgharimu kitu.

Kuhusu ufanisi, mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 57, yalionyesha kwamba waliotumia programu za kupima na kushauri walikunywa takriban gramu 23 pungufu kwa wiki kuliko wasiozitumia. Punguzo hilo ni chini ya nusu ya ile chupa ndogo, kwa hiyo programu ni mwanzo mzuri lakini peke yake haitoshi. Vikundi vya kusaidiana huongeza kile ambacho programu haina, yaani watu. Alcoholics Anonymous, chama kilichoanza Marekani mwaka 1935, kilihamishia mikutano mingi mtandaoni wakati wa UVIKO-19, na ipo mikutano iliyotengwa kwa ajili ya watu wa jinsia mbalimbali, ambamo mtu huingia kwa jina alipendalo na kamera ikiwa imezimwa. Tatizo la kweli ni saa, kwa maana mkutano wa saa moja jioni New York hufanyika Koboko usiku wa manane, ilhali kiu ya muulizaji huja jioni. Mikutano ya Kenya au Afrika Kusini hulingana zaidi na siku yake.

Suala la faragha linahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na mazungumzo mengi yamekuwa yakifanyika WhatsApp, ambako kila aliye kundini huweza kuziona namba za wenzake. Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na yeyote anayeanza kutuma pesa za simu kwenye namba fulani huonyeshwa jina la mwenye namba kabla ya kuthibitisha. Hivyo mgeni mmoja kundini, bila ujuzi wowote wa kompyuta, anaweza kupata jina la kitambulisho la kila mwanachama, ambalo kwa aliyebadili jinsia mara nyingi ni jina lile lile alilolikimbia. Programu ya ujumbe ya Signal, tangu 2024, humruhusu mtumiaji kuificha namba na kutumia jina la kubuni, na kwa mtu wa Ludara sifa hiyo ina thamani kuliko uzuri wa programu nyingine yoyote. Ni vyema pia kundi la pombe libaki la pombe, kwa kuwa kifungu cha Sheria ya Kupinga Ushoga ya 2023 kinachoadhibu kile kinachoitwa kuuendeleza ushoga kwa kifungo cha hadi miaka 20 bado kipo, na mpaka wake haueleweki vizuri.

Yapo mambo mawili ambayo simu haiyawezi. La kwanza ni kuacha ghafla kwa mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, hali ambayo mitaani huitwa arosto: mikono hutetemeka, jasho hutoka, na katika siku mbili za kwanza degedege laweza kumpata, kisha kuchanganyikiwa kunakoweza kuua. Anayetetemeka asubuhi mpaka anywe asiache peke yake nyumbani. Ahudumiwe hospitalini, ambako hupewa dawa za kutuliza pamoja na vitamini B1. La pili ni sumu ya methanoli, alkoholi isiyofaa kunywewa ambayo huchanganywa katika pombe za magendo. Agosti 2022 watu zaidi ya 10 walifariki Arua na Madi-Okollo baada ya kunywa pombe kali yenye sumu. Macho yakianza kuona ukungu baada ya kunywa, kila saa ina thamani.

Kwa hayo mawili, Hospitali ya Rufaa ya Arua, yenye kitengo cha afya ya akili, iko mbali na majirani wa Ludara kiasi cha kutosha. Anayehofia kuripotiwa huko ajue kwamba tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda, ingawa iliacha sehemu kubwa ya Sheria ya Kupinga Ushoga, ilibatilisha kifungu cha 14 kilichomlazimu kila mtu, mhudumu wa afya akiwamo, kutoa taarifa polisi. Na Wizara ya Afya ilikuwa imekwisha kuwaagiza wahudumu, Agosti 2023, wasimbague mgonjwa yeyote. Daktari anahitaji kujua kiasi cha pombe, siku ya mwisho kunywa, na dawa zote zinazotumiwa, homoni zikiwamo kama zipo; habari za jinsia zaidi ya hapo mgonjwa anaweza kuzisema au kuzinyamazia.