Sauti Nyingi, Kebo Moja: Somo Fupi kwa Kamati za Ujenzi

Siku hizi fundi wa sauti akiitwa parokiani husema, "Tutatumia kebo ya mtandao." Kamati inaitikia kwa kichwa, fedha inatolewa, na ni wachache wanaojua walichokubali. Maneno hayo yana maana mbili zilizo mbali kabisa, na kuzichanganya kunaweza kuunguza vyombo vilivyonunuliwa kwa michango ya waamini.

Tuanze na swali la msingi. Kanisani sauti hutoka mahali pengi: mimbari, altare, kwaya, kinanda, pengine na kompyuta. Lakini waamini wa benchi la mwisho wanahitaji kusikia kitu kimoja kinachoeleweka. Wengi watakuwaje mmoja? (Wenzangu wa falsafa watatabasamu, swali hilo ni la kale kuliko Plato.) Jibu la fundi ni miksa. Miksa hupokea kila sauti kwa mlango wake, huipunguza au kuiongeza, ndipo huzijumlisha zote. Fundi mwenye haraka huchukua waya wa kinanda na wa kompyuta akaviunganisha kwenye plagi moja yenye umbo la Y. Hapana. Kila chombo kinachotoa sauti kimetengenezwa kusukuma umeme nje, si kuupokea. Ukiviunganisha viwili, kila kimoja kinausukumia mwenzake. Sauti hufifia au hukwaruza, na chombo chaweza kuharibika. Y inafaa kugawa sauti moja iende sehemu mbili, basi.

Sasa kebo yenyewe. Ile ya Cat5e au Cat6 inayouzwa maduka ya kompyuta ina nyaya nane za shaba zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi nne. Kusokotwa huko si urembo. Mvumo unaotoka kwenye nyaya za taa huingia karibu sawasawa katika nyaya zote mbili za jozi. Chombo kinachopokea hakijali kila waya una nini. Kinaangalia tofauti kati ya huu na ule. Kilicho sawa kwa wote wawili kinafutika, sauti ya msomaji inabaki. Ndiyo kanuni ileile ya waya wa kipaza sauti wenye plagi ya XLR.

Basi maana ya kwanza ni hii: kuzitumia jozi nne kama nyaya nne za kawaida. Kikasha kimoja kinawekwa karibu na altare, kingine penye miksa, na kila jozi inabeba sauti moja. Hakuna kompyuta wala programu. Kwa kanisa la kigango naona inatosha kabisa, tena kwa gharama ndogo. Ila vipaza sauti vinavyodai volti 48 kutoka kwenye miksa vinataka kebo yenye ngao ya chuma, na plagi zake ziwe za chuma, kwa kuwa umeme huo hurudi kwa kupitia ngao.

Maana ya pili ni kugeuza sauti kuwa tarakimu. Sauti hupimwa mara 48,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 24. Ukizidisha, sauti moja inahitaji biti 1,152,000 kwa sekunde. Kebo ya gigabiti moja inabeba mamia ya sauti za namna hiyo. Mfumo unaojulikana zaidi ni Dante, wa kampuni ya Audinate ya Australia. Upo pia mwongozo wa AES67, uliotolewa mwaka 2013 ili mifumo ya watengenezaji mbalimbali iweze kupeana sauti. Vyombo vyote huunganishwa kwenye swichi ya mtandao, kila kebo isizidi mita 100, na vyote hufuata saa ya chombo kimoja, kama waimbaji wanavyomtazama mwalimu wa kwaya. Saa ikiyumba, sauti hukatikakatika. Kwa sababu hiyo, usikubali fundi akikuambia kwamba atatumia Wi-Fi kufikisha sauti hizo mbele.

Hapa wengi hukosea. Kwa kuwa sauti zote zimo ndani ya kebo moja, wanadhani zimekwisha kuunganishwa, hivyo miksa si lazima. Aristotle alitofautisha lundo na kitu kizima, na tofauti hiyo inafaa hapa. Mtandao unabeba lundo. Katika Dante, mlango mmoja wa kupokelea huchukua sauti moja tu kwa wakati mmoja. Ukitaka mimbari na kwaya vitoke katika spika moja, lazima pawepo miksa au kichakata sauti cha kuzijumlisha. Kama hakimo katika orodha ya manunuzi, uliza kabla ya kusaini.

Hata miksa nzuri ina mpaka. Kila idadi ya vipaza sauti vilivyo wazi inapoongezeka maradufu, unapoteza takriban desibeli 3 kabla spika hazijaanza kupiga mluzi. Vya kwaya vifungwe wakati wa masomo.

Limebaki jambo la hatari. Kebo ya njia ya kwanza inafanana kabisa na ya intaneti, lakini haipaswi kuchomekwa kwenye swichi. Baadhi ya vifaa vya mtandao hupeleka umeme ndani ya kebo, na vingine havichunguzi kwanza kilicho upande wa pili. Kebo za sauti ziwe na rangi yake peke yake, na kila ncha iandikwe: "SAUTI, SI INTANETI." Iko siku fundi wa kompyuta ataingia sakristia kutafuta tundu lililo wazi, na siku hiyo aliyeifunga mitambo hatakuwepo kumweleza.