Ukienda Kuvua Zooplanktoni Rungwe

Chagua Juni hadi Septemba. Tukuyu mvua haina adabu, na ukingo wa maziwa ya kreta ukilowa unateleza vibaya.

Beba barua ya chuo, pitia halmashauri, kisha ofisi ya kijiji. Mwenyekiti akikuelewa, mtumbwi utapatikana.

Anza na ziwa Masoko, ambalo wengine huliita Kisiba. Upana wake ni kama mita 700, na ni hapo ambapo utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha samaki wa ziwa moja wakigawanyika katika makundi mawili, wa ukingoni na wa kilindini. Ziwa Ngozi liache la mwisho: lipo juu ya mita 2,000, na kushuka hadi majini ni kazi ya magoti.

Tumia wavu wa planktoni wenye matundu ya maikromita 60 hivi. Mchana zooplanktoni wengi hukimbilia chini, kwa hiyo shusha wavu kilindini ndipo uuvute juu polepole. Usiguse tope. Humo kuna mayai yaliyolala miaka mingi, nawe utachanganya wa leo na wa zamani.

Kwa kuwa unatafuta DNA, usiridhike na mvuto mmoja. Viroboto-maji na rotifera mara nyingi huzaa bila dume, mama anajinakili tu. Chupa iliyojaa wadudu elfu inaweza kuwa na ukoo mmoja. Vuta katikati, vuta pembeni, na kila sehemu iwe na chupa yake. Ukiweza, rudi msimu mwingine.

Fomalini iache maabara, inaharibu DNA. Chuja maji yote, tia ethanoli ya asilimia 96, mara nne ya ujazo wa sampuli. Kesho yake mwaga, weka mpya. Spiriti ya bluu ya dukani haifai, hata muuzaji akiapa.

Sasa wavu, maana hapa ndipo kazi nyingi hufia. Maziwa haya hayaungani. Ukihamisha kiumbe kimoja kutoka Masoko hadi ziwa Kingiri, umevuruga data yako na ziwa la watu. Suuza, loweka kwenye maji yenye klorini, suuza tena, anika hadi ukauke kabisa. Kwa jua la Tukuyu hilo ni gumu, hivyo nenda na nyavu mbili.

Andika lebo kwa penseli, uitumbukize ndani ya chupa: ziwa, tarehe, kina, GPS. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli. Na kwenye basi la Mbeya usifiche mzigo chini ya kiti: ethanoli inawaka, mwambie kondakta.