Mapenzi, Ubatizo na Kutengwa: Imani katika Riwaya Pendwa za Waamishi

Utangulizi

Fasihi pendwa imezoea kudharauliwa na wahakiki kwa hoja kwamba shabaha yake ni kuburudisha tu, na riwaya ya mapenzi ndiyo hupata sehemu kubwa zaidi ya dharau hiyo. Hata hivyo, upo utanzu mmoja wa riwaya pendwa ya Marekani ambamo swali la nani ataolewa na nani haliwezi kutenganishwa na swali la nani atasimama vipi mbele ya Mungu. Huu ni utanzu wa riwaya za mapenzi zinazosawiri maisha ya Waamishi. Makala haya yanadai kwamba utanzu huu umejengwa juu ya ukinzani usiotatulika kwa urahisi: umbo la riwaya ya mapenzi humtaka msichana aufuate moyo wake, ilhali imani ya Waamishi humtaka ausalimishe moyo huohuo. Ndiyo maana imani inayotamkwa na wahusika, mara nyingi, si ya Waamishi bali ni ya waandishi na wasomaji wao.

Ubatizo kama kiini cha msuko

Waamishi wanatokana na vuguvugu la Wakristo walioanza kubatizana wakiwa watu wazima mjini Zurich mwaka 1525. Mnamo 1693 Jakob Ammann alifarakana na wenzake wa Uswisi na Alsace, na mojawapo ya sababu kuu ilikuwa suala la kutengwa: je, aliyekiuka kiapo chake na kukataa kutubu aepukwe hata mezani? Ammann alishikilia kwamba aepukwe. Wafuasi wake walianza kuhamia Pennsylvania katika karne ya 18, na leo Waamishi wa Marekani na Kanada wanakadiriwa kufikia watu 400,000 hivi.

Mambo mawili katika maisha yao yana uzito wa pekee kwa mhakiki. Kwanza, hakuna anayefungishwa ndoa katika kanisa lao kabla ya kubatizwa. Pili, kutengwa humpata yule tu aliyekwisha kubatizwa; kijana anayeondoka kabla ya kuapa huhuzunisha wazazi wake lakini hatengwi. Kwa hiyo msichana anayependwa hukabiliwa na maamuzi mawili yaliyofungamana: akimkubali mchumba, sharti kwanza akubali ubatizo, akiisha kubatizwa, mlango wa kurudi nyuma umefungwa. Mwandishi wa riwaya ya mapenzi hahitaji kubuni kikwazo. Kanisa limekwisha kumpa.

Beverly Lewis aliling'amua hilo mapema. Riwaya yake The Shunning, iliyochapishwa mwaka 1997, ndiyo inayohesabiwa kuwa chanzo cha mkondo wa sasa, ingawa Waamishi walikuwa wameandikwa tangu mwanzo wa karne ya 20. Mhusika mkuu, Katie Lapp, yuko karibu kuolewa na askofu John Beiler, mjane mwenye watoto watano. Moyo wake ungali kwa kijana anayedhaniwa amekufa maji, na tena anapenda gitaa, chombo ambacho kanuni za kanisa, yaani Ordnung, hazikiruhusu. Kisha anakuta darini gauni la hariri la mtoto mchanga. Vazi kama hilo halina nafasi katika nyumba ya Waamishi. Ni gauni lake mwenyewe, na aliyemzaa si Rebecca aliyemlea. Katie anaikimbia harusi yake, na kwa kuwa alikwisha kubatizwa, anatengwa.

Uzuri wa riwaya hii hauko kwa Katie peke yake. Uko kwa Rebecca, mama anayelazimika kumwepuka binti aliyemlea kwa mapenzi, kwa sababu yeye pia aliapa. Katika utekelezaji wake wa kawaida, adhabu hii haina kelele wala kipigo: waumini hawali meza moja na aliyetengwa, wala hawapokei kitu kutoka mkononi mwake. Mwandishi wa kigeni angeweza kumchora mama huyo kama mtumwa wa sheria. Lewis, ambaye bibi yake aliiacha jamii ya Wamennonite wa mwenendo wa zamani, anamsawiri kama mtu anayeumia huku akitii, na hapo ndipo riwaya inapoikaribia zaidi imani inayoizungumzia.

Lugha ya wokovu

Inapofika kwenye sala, hali hubadilika. Riwaya ya mapenzi huishi kwa kuingia katika nafsi ya mhusika. Bila uzungumzi nafsia hakuna mapenzi yatakayoaminika. Hivyo basi msichana hujifungia chumbani na kuzungumza na Mungu kwa maneno yake mwenyewe, akimweleza mashaka yake na kungojea ishara. Waamishi wengi hawasali hivyo. Kabla na baada ya chakula huinamisha vichwa kimya, na sala nyingine husomwa kutoka kitabu cha sala cha Kijerumani. Kusali kwa maneno ya kujitungia mbele ya watu huweza kuonekana kuwa ni kujionyesha.

Msomaji wa Afrika Mashariki analo neno litakalomsaidia hapa, nalo ni kuokoka. Tangu uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, mlokole amefahamika kwa ushuhuda wake: husimama na kutaja siku aliyookoka. (Wamennonite wa Lancaster, ambao kwa asili ni ndugu wa Waamishi, walianzisha misheni Shirati, Tanganyika, mwaka 1934, na uamsho huo ukawafikia huko.) Mwamishi wa mwenendo wa zamani hawezi kusema hivyo bila kusita. Yeye husema ana tumaini hai; kudai uhakika wa wokovu wake ni kumtangulia Mungu katika hukumu, na hicho kwake ni kiburi. Katika baadhi ya riwaya hizi, hata hivyo, upeo wa hadithi ni pale mhusika anapogundua kwamba neema hupatikana kwa imani ya mtu binafsi, nje ya Ordnung. Mashirika yaliyochapisha nyingi kati ya riwaya hizi ni ya Kiinjili, na wasomaji wake wengi vilevile. Mwamishi amevishwa kofia yake nyeupe, akapewa moyo wa mlokole.

Tofauti hii hudhihirika zaidi katika suala la msamaha. Katika riwaya ya mapenzi msamaha ni safari ya hisia: msichana huumia, hukasirika, hulia, na katika sura za mwisho moyo wake hulainika. Tarehe 2 Oktoba 2006 mtu mwenye bunduki aliingia katika shule ya Waamishi huko Nickel Mines, Pennsylvania, akawapiga risasi wasichana 10. Watano wakafa, naye akajiua. Siku hiyohiyo Waamishi walikwenda kuifariji familia ya muuaji, na baadaye wakahudhuria maziko yake, wakiwemo wazazi waliokuwa wametoka kuzika watoto wao. Hawakungoja mioyo ilainike. Jamii ilitenda kwanza kama ilivyofundishwa katika Sala ya Bwana, na uchungu ukabaki kushughulikiwa kwa miaka iliyofuata. Msamaha wa namna hiyo ni vigumu kuingia katika umbo la riwaya ya mapenzi, kwa kuwa hauna mhusika mkuu.

Msomaji na jalada

Isidhaniwe kwamba wasomaji wamelaghaiwa tu. Valerie Weaver-Zercher, katika utafiti wake wa mwaka 2013, anaonyesha kwamba riwaya mpya za aina hii zilikuwa 2 tu mwaka 2002 lakini 85 mwaka 2012, na analihusisha ongezeko hilo na uchovu wa watu waliolemewa na kasi ya maisha na utamaduni uliojaa ngono. Njaa hiyo ni ya kweli. Anaeleza pia kwamba wapo wanawake wa Kiamishi wanaozisoma.

Swali la nani anaandika limeanza kupata jibu jingine. Linda Byler, ambaye ni Mwamishi wa Pennsylvania, alianza kuchapisha mfululizo wa riwaya kuhusu msichana aitwaye Lizzie mwaka 2010. Zinauzwa katika soko lilelile. Jalada la kawaida katika soko hilo ni picha ya msichana mwenye kofia nyeupe, uso wake ukionekana wazi, ingawa Waamishi wengi, kwa kuizingatia amri ya Kutoka 20:4, hukataa kusimama mbele ya kamera.