Bonasi ya Jirani

Bonasi ya chai huingia karibu na Oktoba, na huo ndio mwezi mgumu kwa moyo wa mkulima kuanzia Imenti hadi Runyenjes. Kabla hajamshukuru Mungu, mtu ameshauliza: wenzetu wamelipwa ngapi kwa kilo? Wa kiwanda cha Rukuriri anachungulia cha Mungania, wa Kionyo anachungulia Githongo. Kisha swali linaingia kijijini: nani ameanza nyumba ya mawe, mtoto wa nani amepelekwa shule gani?

Kujikaripia kwa wivu huo hakutoshi. Chukua daftari.

Bonasi ya jirani unayoisikia ni ile ya kabla ya makato. Hujui deni lake la mbolea, mkopo wake wa sacco, wala alichowalipa wachumaji. Unapima mavuno yake yote kwa salio lako, na hesabu hiyo haiwezi kukutendea haki. Basi andika kilo zako za mwaka jana na za mwaka huu, makato, kilichobaki na kilifanya kazi gani. Paulo aliwaagiza Wagalatia, sura ya 6, kila mtu aipime kazi yake mwenyewe. Agizo hilo hutimizwa vizuri kwa kalamu.

Kumbuka pia shamba ulilopewa. Miteremko ya Mlima Kenya haizai sawa: chai iko juu, kahawa chini yake, na ukiteremka Mbeere hadi Ishiara unakuta ndengu, mtama na mvua isiyotabirika. Mtu wa Ishiara akijihukumu kwa majani chai ya Kionyo atajiita mvivu bila kosa lolote. Na hicho unachokitamani kinaweza kuyumba. Juni 2014 Uingereza ilipiga marufuku miraa, na wakulima wa Igembe waliokuwa wakionewa wivu wakapoteza soko kubwa la ng'ambo. Jirani uliyemwonea kijicho Mei alihitaji maombi yako Julai.

Maombi yenyewe ndiyo mbinu ninayoiamini kuliko zote. Mtaje jirani kwa jina mbele za Mungu kila asubuhi, umwombee aongezewe pale pale panapokuuma: ng'ombe wake, mwanawe, nyumba yake. Siku za kwanza maneno yatakuwa makavu. Endelea tu, maana ni vigumu kumchukia kwa muda mrefu mtu unayemwombea. Petro naye, akiwa na Bwana aliyefufuka, aligeuka akauliza habari za Yohana. Katika Yohana 21 Yesu alimjibu kwamba hayo hayamhusu, yeye afuate. Kama mtume alijibiwa hivyo, usijione umepotea kabisa.

Limebaki kanisa, na hapa nasema kwa uchungu. Kwenye harambee majina husomwa pamoja na kiasi, na kwenye mnada wa baada ya ibada kuku mmoja hupanda bei kwa sababu wanaume wawili wanatazamana. Nyuma kabisa mama mjane anakunja noti yake ndogo kiganjani isionekane. Amua sadaka yako nyumbani na mwenzako, itie kwenye bahasha, na usiiongeze kwa kusikia ya mwingine. Nanyi wachungaji na wazee wa kanisa, nawasihi: someni jumla peke yake.