Shamba Darasa la Viazi: Maswali Yenu Yajibiwa

Wakulima wa viazi mviringo wa Mbeya na Iringa wanauliza namna ya kujifunza kwa vitendo. Mtaalamu wetu wa kilimo anajibu.

Shamba darasa ni nini?

Ni kikundi cha wakulima, kwa kawaida 20 hadi 30, wanaokutana shambani kila wiki tangu kupanda hadi kuvuna. Sehemu moja hulimwa kwa mazoea, nyingine kwa njia mpya, kisha wanalinganisha wenyewe. Utaratibu huu ulianza Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga, wakisaidiwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa.

Kwani semina ya siku moja haitoshi?

Haitoshi. Ugonjwa hausubiri siku ya semina. Baridi na mvua zikifululiza, ukungu wa majani huenea haraka. Anayepita shambani kila wiki na kugeuza majani huuwahi.

Viazi vyangu vinanyauka ilhali udongo una unyevu. Nipulize dawa gani?

Usinunue dawa kwanza, pima. Kata shina karibu na ardhi, lining'inize ndani ya glasi ya maji safi, usilitikise. Baada ya dakika chache, ute mweupe ukishuka kama uzi, huo ni mnyauko bakteria, na hauna dawa ya kupuliza. Ng'oa mmea pamoja na viazi vyake, uufukie mbali na shamba na maji, kisha osha jembe. Usichukue mbegu hapo. Msimu ujao panda mahindi au ngano. Epuka nyanya na bilinganya, maana ni jamii moja na viazi. Mkulima aliyeuona ute huo kwa macho yake anaelewa kwa nini mbegu safi ina thamani.

Nani atuongoze?

Mwoneni afisa ugani wa kata. TARI Uyole, jijini Mbeya, hutafiti viazi, na Agosti kuna vipando vya maonesho ya wakulima ya Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale. Mwezeshaji mzuri huuliza "mnaona nini?" kabla ya kutoa jibu.

Hatuna fedha. Tuanzeje?

Tengeni kona ndogo ya shamba la mwenzenu mmoja. Jaribuni jambo moja tu kwa msimu, iwe mbegu au nafasi ya kupandia, mkibadili yote hamtajua lipi limesaidia. Andikeni daftarini gharama na mavuno. Msingoje mradi wala mfadhili. Kaeni kikao sasa, mchague kona hiyo kabla ya mvua.