SOMO LA SHIMI: MADAWA YALIYOFICHWA NDANI YA PLASTIKI



Chukueni vitu viwili: kipande cha bomba ya maji, na ngozi laini inayofunika waya wa umeme. Bomba ni ngumu. Ukiikunja kwa nguvu inavunjika. Ngozi ya waya inakunjika bila shida. Lakini mara nyingi vyote viwili ni plastiki moja, jina lake PVC. Ulizo letu la leo: kama plastiki ni moja, namna gani kitu kimoja ni kigumu na kingine ni laini?

1. Madawa ya kuchanganya

PVC kwa asili yake ni ngumu. Watu wa kiwanda wakitaka iwe laini, wanachanganya ndani dawa ya kulainisha. Moja iliyotumiwa sana ni DEHP, ya jamaa ya ftalati. Tena si kidogo: katika mifuko laini ya kuwekea damu, DEHP inaweza kufika kilo 30 mpaka 40 ndani ya kilo 100 za plastiki.

Ziko zingine. PVC ikipashwa moto kiwandani inaanza kuharibika na kutoa asidi. Ili kuzuia hiyo, viwanda vingi vilitia chumvi za risasi, ni kusema plombo. Na ndani ya plastiki ya televizyo na kompyuta walitia dawa za bromi, ili isishike moto upesi.

2. Dawa haikai mahali pake

Ukifunga mandazi ndani ya karatasi ya kaye, mafuta yanapita na kuchafua karatasi. DEHP ni vile vile: haikufungwa na plastiki kwa kifungo cha shimi, inakaa tu katikati ya molekuli. Joto, mafuta na siku nyingi vinaitoa. Katika majaribio juu ya wanyama, ftalati hizo ziliharibu viungo vya uzazi vya watoto dume tangu tumboni mwa mama. Risasi nayo inaharibu ubongo wa mutoto.

3. Sheria

Desemba 1999 Umoja wa Ulaya ulikataza ftalati sita katika vitu vya kuchezea ambavyo watoto wachini ya miaka mitatu wanatia kinywani. Mwaka wa 2005 sheria ile ikawa ya kudumu: isipite 0,1%, ni kusema gramu 1 kwa kilo. Marekani ilifuata mwaka wa 2008.

Kwa dunia nzima kuna Mapatano ya Stockholm, ya mwaka wa 2001, yaliyoanza kazi 2004. Inchi yetu iko ndani. Mapatano haya yalikataza dawa kadhaa za bromi katika 2009, na ingine katika 2017.

4. Biashara inapita wapi

Sheria inakataza kutengeneza kitu kipya, lakini kitu cha zamani kingali kinazunguka. Televizyo iliyochakaa inasagwa, plastiki yake nyeusi inayeyushwa, inakuwa kijiko cha jikoni au kitu cha kuchezea, inauzwa katika inchi ingine. Wapimaji wamekuta bromi ndani ya vitu vya namna hii. Mwenye kununua sokoni hawezi kujua: namba katika pembe tatu inataja aina ya plastiki tu (2 polietileni, 3 PVC, 5 polipropileni), haitaji dawa.

Katika 2023 Umoja wa Mataifa ulihesabu madawa zaidi ya 13.000 yanayohusika na plastiki. Mashauri ya kuandika mapatano mapya juu ya plastiki yaliamuliwa Nairobi katika 2022. Lakini mkutano wa Geneva wa Agosti 2025 uliisha bila kupatana. Ugomvi mmoja ulikuwa huu: mapatano yaguse madawa haya, ao takataka peke yake?

5. Sisi tufanye nini?

Tusiogope kila plastiki. Bidoni ya manjano kwa kawaida ni polietileni, haihitaji dawa ya kulainisha. Hatari yake ni kitu kilichokaa ndani mbele: bidoni ya dawa ya shamba isiwekwe maji wala mafuta hata siku moja, hata ikioshwa mara kumi. Chakula cha moto na cha mafuta, tukiweke ndani ya chombo cha chuma ao cha udongo. Tena tusichome waya ili kupata shaba: moshi wa PVC ni sumu.

Maulizo
1. Sababu gani DEHP inatoka ndani ya plastiki?
2. Kitu cha kuchezea kina uzito wa gramu 200. Kwa kipimo cha 0,1%, ftalati isipite gramu ngapi?
3. Namba 3 katika pembe tatu inatuambia nini? Haituambii nini?
4. Sheria ya inchi moja peke yake inaweza kutosha? Toa sababu mbili.